Dhamana ya Kiumbe Asiyelalama

Miaka michache iliyopita niliandika shairi la beti kumi na mbili la kumsifu nyoka. Wenzangu wa barazani hawakulipenda, na lawama zao hazikuwa juu ya vina wala mizani bali juu ya msifiwa mwenyewe. Sisi watu wa visiwani tuna maneno mengi juu ya nyoka, na ya sifa ni machache. Leo nami silipendi, ila kwa sababu nyingine kabisa. Kibwagizo chake kilikuwa hiki: "Ametulia kwa raha, hana haja na dunia." Mizani imetimia, nayo maana ni uongo mtupu. Raha hakuwa nayo, na haja yake na dunia ilikuwa kubwa kuliko ya kiumbe yeyote niliyepata kuishi naye nyumba moja.

Naileta habari hii mbele ya wapenzi wa ushairi kwa kuwa ndani yake mna suali ambalo nimeshindwa kuliweka chini. Je, ni haki, kwa maana ya uadilifu na si kwa maana ya sheria ya nchi, mtu kumtia mkononi mwake kiumbe asiyekuwa na njia ya kumwambia kwamba anaumia?

Majira ya baridi ya mwaka 2018 kuingia 2019 nilikuwa nimepanga chumba kwa mzee mmoja katika mji wa kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa fundi wa reli aliyestaafu, mgane, mtu wa maneno machache. Sebuleni kwake, pale ambapo wengine huweka televisheni, palikuwa na kizimba chenye mlango wa kioo, na ndani yake ufito mmoja wa mlalo, na juu ya ufito chatu wa mitini, rangi ya chanikiwiti, na madoa meupe uti wa mgongo mzima kama chumvi iliyokaukia kwenye jani. Nyoka huyu hajiviringi ardhini kama chatu wetu. Huipanga mikunjo yake juu ya ufito, nusu ikaangukia upande huu na nusu upande huu, kisha kichwa hukilaza katikati. Ukimwona mara ya kwanza utadhani ni mkungu wa ndizi mbichi uliotundikwa na mtu mwenye ustadi. Sikuwa na mengi ya kufanya jioni zile za giza la saa kumi. Nikawa namtazama.

Kwao ni kisiwa cha New Guinea na visiwa vidogo vinavyokizunguka, pamoja na ncha ya kaskazini ya Australia katika rasi ya Cape York. Hermann Schlegel wa makumbusho ya Leiden ndiye aliyempa jina la kitaalamu mwaka 1872, kwa nyoka aliyetoka visiwa vya Aru; na tangu mwaka 2020 wapo wataalamu wanaowatenga wale wa kaskazini, wa Biak wakiwamo, kuwa aina ya pili. Haanguliwi akiwa kijani. Vifaranga wake huwa manjano au wekundu wa tofali, hata ndani ya mayai ya mama mmoja, na hubaki hivyo hadi wapitapo nusu mita ya urefu. Utafiti uliofanywa Cape York na kuchapishwa mwaka 2007 ulionesha maana yake: mdogo huwinda mijusi na wadudu kandokando ya msitu, karibu na ardhi, ambako manjano humficha machoni mwa ndege, mkubwa hupanda juu kwenye majani, na huko anayetaka kufichika sharti avae kijani. Ajabu zaidi, katika misitu ya Amazon yuko nyoka mwingine, boa azaaye badala ya kutaga, asiye wa ukoo wake wa karibu, aliyeifikia rangi ileile na mkao uleule juu ya tawi. Bahari nzima iko baina yao na hakuna aliyemwiga mwenziwe.

Ama utulivu wake, ndio kazi yake. Usiku hukiteremsha kichwa chini ya ufito na kungoja, na kando ya midomo yake mna vishimo vinavyohisi joto la panya anayepita gizani. Anaweza kungoja hivyo usiku baada ya usiku. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama, na huyu haendi kabisa. Mimi niliona utulivu, nikauita raha, kwa sababu mimi nikitulia huwa nimestarehe. Hilo ndilo kosa la kwanza, na ni kosa la mshairi kabla halijawa la mfugaji: kumvisha kiumbe hali ya moyo wako kwa kuwa umbo lake limekukumbusha hali hiyo.

Neno letu kufuga linabeba historia ndefu ambayo huyu nyoka hayumo. Mbuzi wa jirani akikosa majani mtaa mzima hujua. Paka hulia mlangoni, punda hugoma njiani, ng'ombe mgonjwa huacha kucheua na mchungaji mwenye jicho humtambua kabla ya jua kupanda. Wanyama hawa wamekaa nasi maelfu ya miaka, na katika kukaa huko wao wamejifunza kutulalamikia na sisi tumejifunza kuwasikia. Chatu wa mitini hana mkataba huo na mtu yeyote. Hata aliyezaliwa kizimbani, mababu zake wa juzi tu walikuwa msituni, na msituni anayeonesha udhaifu huliwa. Kwa hiyo huficha. Huficha mpaka pale ambapo kuficha hakuwezekani tena, na wakati huo mara nyingi dawa nayo haiwezekani.

Watoto wote wa chuoni hukijua kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Tulipokuwa wadogo tulikisikia kama kisa cha njaa. Siku hizi kile kipande cha mwisho ndicho kinachonikaa zaidi. Ardhi ina riziki yake, na kila kiumbe ameumbwa na njia ya kuifikia. Anayefunga mlango ameiondoa ardhi, na sharti yeye mwenyewe akae mahali pake. Si chakula tu. Ni mvua, kivuli, upepo, usiku.

Mwenyeji wangu alilijua hilo, ingawa kisa chenyewe hakupata kukisikia. Alikuwa ardhi ya nyoka yule kwa miaka tisa. Bamba la joto juu ya kizimba liliwekwa ili upande mmoja mchana ufikie nyuzi 30 au 31, na upande wa pili ubaki 26, nyoka achague mwenyewe. Usiku joto lishuke hadi 24. Kidude cha kudhibiti joto hakukiamini. Alitia vipimajoto viwili, na kila asubuhi akavisoma vyote viwili, kwa kuwa bamba likipitiliza litamchoma nyoka asiyejua kukimbia joto la juu yake, na likizima usiku wa barafu huenda kifua kikamuuma. Jioni alinyunyiza maji mpaka majani yakadondosha, lakini asubuhi alitaka pawe pamekauka. Hapo niliona uchungu wa kazi hii. Hewa ikiwa kavu, ngozi haivuki vizuri. Hubanduka vipandevipande na kung'ang'ania machoni na mkiani, na mkia uliobanwa hufa. Mtu akiogopa hilo akaloweka kizimba mchana na usiku, ngozi huoza tumboni na mapafu huharibika. Msitu wa Aru hulowa na kukauka bila kuambiwa na mtu. Yeye alikuwa na chupa ya kunyunyizia na saa ya ukutani.

Chakula kilikuwa panya mmoja kila wiki ya tatu, aliyegandishwa, akayeyushwa, kisha akapashwa moto kidogo ili vishimo vya midomoni vimwone, akaletwa kwa kibanio kirefu. Wageni humhurumia nyoka kwa uchache huo, na wafugaji wapya huwashibisha nyoka wao kama watoto wa sikukuu. Matokeo ni mafuta yaliyozunguka ini, choo kinachokaa wiki nyingi bila kutoka, na mara nyingine utumbo kutokeza nje. Kifaranga naye ni balaa jingine. Uti wake ni laini mno, na muuzaji mwenye haraka ya kujua dume na jike akiuminya mkia wake mapema, humwachia pingili zilizopinda ambazo atazibeba miaka yote aliyobakishiwa, ambayo yaweza kuwa kumi na tano au ishirini. Mzee aliniambia hayo kwa hasira ambayo sikupata kuiona kwake katika jambo jingine lolote.

Februari 2019 aliingia hospitali kwa upasuaji wa nyonga, akawa mbali siku kumi na tisa. Aliniachia funguo, panya mmoja kwenye friza, na daftari. Aliomba niandike kila asubuhi mambo mawili: joto, na jambo lolote jipya. Nilikubali kwa furaha. Kwa muda huo nyumba ingekuwa yangu na nyoka angekuwa wangu, na shairi lilikwisha kuanza kichwani.

Niliandika joto kila asubuhi, bila kukosa. Mbele yake nikaandika "hakuna jipya". Wiki ya pili nyoka akawa, nyakati za usiku, haulazi tena kichwa katikati ya mikunjo wala hakiteremshi kuwinda. Alikiinua juu, shingo imenyooka, kidevu kikielekea kwenye taa. Nilikaa mbele yake mpaka saa sita. Niliona mja anayeomba. Niliona mlinzi wa mnarani, niliona kila kitu ambacho mshairi huona akipewa shingo iliyonyooka na nusu ya mwanga, nikakitia chote katika beti ya saba na ya nane, beti ambazo hata waliolikataa shairi walikubali kwamba ndizo bora.

Alikuwa anatafuta pumzi. Nyoka hana kiwambo kile kinachotenga kifua na tumbo, kwa hiyo hawezi kukohoa kama sisi. Ute ukijaa njiani hana nguvu ya kuutoa, na kilichobaki kwake ni kuinua kichwa na kungoja hewa ipite. Usiku wa tarehe 19 niliona mapovu pembeni ya mdomo, na mdomo umeachama kidogo. Hapo hata mimi nilielewa. Daktari wa wanyama alimfungua kinywa, akachukua ute kwa pamba, na baada ya siku chache jibu likaja: ni kirusi cha jamii ya nidovirus. Kirusi hicho kwa nyoka kilianza kuandikwa na wanasayansi mwaka 2014, kwa chatu wa aina nyingine. Mwaka 2017 watafiti wa Uswisi wakaeleza jinsi kinavyowaua hawa wa kijani kwa nimonia inayoyajaza mapafu ute. Dawa yake haipo. Antibiotiki huzuia vijidudu vinavyofuata nyuma, basi. Mzee alirudi na mikongojo tarehe 23, na nyoka alikufa tarehe 2 Machi, juu ya ufito uleule, na kwa saa kadhaa hakuna aliyejua, kwa sababu maiti yake ilikaa kama alivyokaa yeye.

Ningependa kusema kwamba kosa lilikuwa langu lote, maana hilo lingelifanya suali kuwa dogo. Halikuwa hivyo. Mwaka uliotangulia mzee alinunua nyoka wa pili katika maonyesho, akamtenga wiki sita, ilhali wafugaji makini hushauri miezi kadhaa; nyoka huyo alionekana mzima, na mzima wa sura anaweza kuwa amekibeba kirusi muda mrefu. Alipimwa, akakutwa nacho. Huenda hata ningeona siku ya kwanza mambo yangekuwa yaleyale, ila angepata nafuu ya joto na ya dawa mapema. Lakini uadilifu hauulizi tu kilichotokea. Huuliza pia ulikuwa unatazama nini. Niliwekwa pale niwe ardhi ya kiumbe, nami nikawa hadhira yake.

Mzee, kwa upande wake, alikuwa na hoja za kujitetea, na sitaki kuzipunguza. Nyoka wake alizaliwa kizimbani na hakuwa na msitu wa kurudishiwa. Hakuna tai wala ukame uliomfikia. Tena mengi yanayojulikana juu ya magonjwa yao yamejulikana kwa sababu walikuwapo watu waliokereka vya kutosha kumpeleka nyoka mgonjwa kwa daktari na maiti yake kwenye maabara. Yote ni kweli. Mtu aliyeandika joto kila asubuhi kwa miaka tisa ameonesha uaminifu ambao wengi wetu hatuwaoneshi wazee wetu.

Ila kule kuzaliwa kizimbani si jambo la kuaminika kila mara. Indonesia huwalinda nyoka hawa, na wanaoruhusiwa kusafirishwa ni waliozalishwa mashambani tu. Jessica Lyons na Daniel Natusch waliwafuata wafanyabiashara wa Maluku na Papua kati ya Agosti 2009 na Aprili 2011, wakahesabu nyoka 4,227 waliokamatwa porini kinyume cha sheria. Hesabu yao, iliyochapishwa 2011, ni kwamba angalau asilimia 80 ya waliosafirishwa kila mwaka kwa cheti cha shambani walikuwa wa msituni. Baadhi ya visiwa vilikwisha kupungukiwa. Kisiwa kidogo ni kisima kidogo. Sisi wa visiwani hatuhitaji kufundishwa hilo.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya watu wa mbali. Katika msitu wa Kimboza, Morogoro, yuko mjusi mdogo ambaye dume lake ni buluu ya kung'aa, na nyumba yake ni majani ya mkadi, ndugu wa ule ambao maua yake mama zetu waliyatia katika nguo na nywele. Kati ya 2004 na 2009 zaidi ya mijusi 30,000 ilitolewa huko kwenda kwenye vizimba vya Ulaya na kwingineko, na mikadi ikakatwa ili waokotwe kwa urahisi. Ulinzi mkubwa wa kimataifa, wa kupiga marufuku biashara ya wale wa porini, ulikuja kwa uamuzi wa mwaka 2016, mwaka uleule Tanzania iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai. Kilichomponza mjusi yule ni rangi. Mtu alimwona, akasema ni mzuri, na neno lililofuata likawa bei.

Kwa hiyo sisemi kwamba kila kizimba kivunjwe. Ninachokiona ni kwamba haki ya kumweka kiumbe, kama ipo, haitokani na kumpenda. Mapenzi nilikuwa nayo, tele, ya beti kumi na mbili. Inatokana na kuweza kumsoma, na uwezo huo kwa kiumbe asiyelalama ni mchache mno, hununuliwa kwa miaka, na hata aliyenao hupitwa. Wengi wanaomnunua nyoka huyu kwa ajili ya kijani chake hawanao, wala hawajui kwamba kuna kitu wanachokikosa. Mimi sikujua. Mshairi na mfugaji wanafanana katika hili, kwamba wote wawili wanamtaka kiumbe akae kimya mahali panapoonekana; na chatu wa mitini, kwa bahati yake mbaya, huwapa hasa hicho walichokitaka.

Wiki moja baada ya nyoka kufa, mzee aliniuliza kama ni kweli niliandika shairi. Nilikuwa na desturi ya kutia tarehe pembeni mwa kila beti. Nikamtafsiria polepole, naye akasikiliza akiwa na daftari lake magotini. Tulipofika beti ya saba, pale penye shingo na taa, aliinua mkono nisimame. Aliuliza tarehe. Nikamwambia 11 Februari. Akafungua ukurasa: nyuzi 30, hakuna jipya, mwandiko wangu. Alilikata neno hilo kwa mstari mmoja mwembamba, ili liendelee kusomeka, na juu yake akaandika kwamba usiku huo kichwa kilionekana kimeinuliwa. Kisha akaniuliza kama katika beti zilizotangulia niliona jambo jingine, lolote, hata dogo. Tukaanza upya kutoka beti ya kwanza.